Jasidi gani huyu? Kumtambua mdudu wa majani katika mashamba na bustani za Mombasa

Ukipitisha mkono juu ya mabenda asubuhi, vitu vidogo vya kijani huruka huku na huku, vikatua chini ya majani mengine kabla jicho halijavikamata. Watu wengi huishia hapo. Husema "kuna vidudu", huenda agroveti, hununua dawa ya kwanza wanayopewa. Baada ya muda majani bado yanakauka kingo, na sasa yameingia utitiri pia, kwa sababu dawa iliwaua hata wale waliokuwa wakiula utitiri.

Mwongozo huu ni wa kuzuia mbio hizo. Unamhusu jasidi, ambaye wakulima wengine humwita chawa-jani: mdudu wa jamii ya Cicadellidae, mwenye mdomo wa kufyonza, ambaye spishi zake zilizokwisha kupewa majina duniani zinapita 20,000. Wengi wao hawana neno na mtu wala shamba. Wachache wana madhara makubwa, na hao wachache wanafanana mno na ndugu zao wapole.

Shauri langu kubwa ni hili: usianze na rangi. Anza na mmea uliomkuta juu yake na mahali mmea ulipo, kisha mguu wa nyuma, kisha kichwa, na rangi iwe ya mwisho. Jasidi wa kijani akikaa kwenye spiriti hufifia akawa wa manjano. Aliyetoka kujivua gamba huwa mweupe. Dume na jike wa spishi moja huweza kuvaa rangi mbalimbali. Mmea na mahali havibadiliki hivyo.

Mshike kwanza

Toka mapema, umande ukiwa bado juu ya majani, maana wakati huo mdudu amezizima na harukiruki ovyo. Kinga sinia nyeupe chini ya tawi, kisha gonga tawi kwa fimbo mara moja, kwa nguvu. Watakaoangukia sinia ndio wa kuangaliwa. Kwenye nyasi sinia haifai. Tumia wavu wa kitambaa, uupitishe juu ya nyasi kulia na kushoto huku ukitembea. Mfunikie mdudu kwa kichupa kidogo cha kioo, kisha kitie kwenye friza hadi atulie kabisa.

Piga picha tatu: ya juu, ya ubavuni, na ya uso kutoka mbele. Weka rula kando. Picha ya juu peke yake, ambayo ndiyo kila mtu hupiga, haionyeshi uso wala miguu, na bila hivyo hata mtaalamu atakujibu kwa kukisia. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha kwa karibu kila kitu kinachoelezwa hapa.

Andika papo hapo: mmea gani, upande gani wa jani, juani au kivulini, karibu na bahari au mbali. Hilo la bahari lina sababu, tutalifikia.

"Anaruka, lakini sina hakika kama ni jasidi"

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa hivyo tulia hapa.

Tazama muundi wa mguu wa nyuma, yaani kile kipande kirefu baina ya goti na wayo. Jasidi ana safu za miiba mingi myembamba zilizopangwa kwa urefu wote wa muundi. Chini ya lenzi huonekana wazi, hasa ukimlaza ubavu juu ya karatasi nyeupe na kuuvuta mguu nje kwa ncha ya sindano. Ukiziona safu hizo, umeshafika kwenye jamii ya Cicadellidae, na mashaka ya kwanza yamekwisha. Alama nyingine za kuunga mkono: vipapasio vifupi vyembamba mno vilivyo baina ya macho, mwili wenye umbo la kabari, kichwa kipana na nyuma pamechongoka, mabawa yameinamishwa pande mbili juu ya mgongo.

Usipoziona safu hizo, angalia kilichopo badala yake. Mwiba mmoja au miwili minene ubavuni mwa muundi, na taji la miiba midogo mwishoni, hiyo ni jamaa ya wadudu wa povu. Watoto wao hujificha ndani ya povu jeupe kwenye nyasi na matawi. Yuko mmoja wa Afrika, Ptyelus grossus, ambaye hukusanyika kwa wingi juu ya mti hata matone yakawadondokea wapitao chini siku isiyo na wingu.

Kama mwishoni mwa muundi kuna kidole kimoja kinene kinachochezacheza, na vipapasio viko chini ya macho badala ya baina yake, huyo ni wa jamii ya Delphacidae. Kwenye mahindi na mtama utamkuta Peregrinus maidis, wa kahawia, amejibana ndani ya moyo wa mmea mchanga ambako majani mapya yamekunjana. Wengi humchanganya na jasidi wa milia ya mahindi. Kuwatenganisha ni kazi ya sekunde chache ukiwa na lenzi, na ni kazi bure bila lenzi.

Mgongo ukiwa umepanda juu na kurefuka nyuma, pengine una pembe, na chungu wamemzunguka, hao ni Membracidae. Chungu hufuata maji matamu yanayotoka kwao. Mabawa mapana yaliyosimama wima kando ya mwili, na watoto wenye mkia wa nyuzi nyeupe za nta, hao ni Flatidae. Mwili mgumu unaong'aa, mapaja manene, na jani lina vitundu vidogo vidogo: huyo ni mbawakawa mrukaji. Asiyeruka bali anapepea akiguswa, kisha akarudi palepale, ni nzi mweupe.

Halafu kuna mmoja ambaye huku pwani anastahili aya yake. Kwenye ua la lusina, ule mti wa malisho uliopandwa kila mahali kuanzia Kisauni hadi Kilifi, utaona vidudu vidogo vya manjano-kijani vikirundikana kwenye machipukizi na kuruka ukivigusa. Vina vipapasio virefu unavyoviona hata bila lenzi, na mabawa maangavu. Huyo ni Heteropsylla cubana, asili yake Amerika, aliyeingia pwani ya Kenya mwaka 1992. Si jasidi. Mmea peke yake unatosha kukutia mashaka: ukisikia "jasidi wa lusina", omba kwanza kuviona vipapasio.

Kama mabawa hayapo kabisa, umeshika tunutu, mtoto wa jasidi. Yeye haruki sana. Geuza jani taratibu na umtazame: huenda upande kama kaa, akikimbilia upande wa pili wa mshipa wa jani. Hakuna mwenyeji mwingine wa chini ya jani la mabenda anayetembea hivyo kwa mazoea. Kando yake tafuta maganda matupu meupe, yenye umbo la mdudu kamili, miguu na yote, yameshikilia jani. Jasidi hujivua gamba mara tano kabla hajapata mabawa, na maganda hayo hubaki hata baada ya wenyewe kuruka. Ukiyakuta, jasidi wameishi hapo. Hawakuwa wapita njia.

"Kingo za majani ya mabenda, biringani au kunde zinageuka manjano, kisha zinakauka"

Kwa Mombasa hii ina sababu mbili kubwa, na moja haina mdudu ndani yake.

Ikiwa ni jasidi, mambo huenda kwa mpangilio huu: ncha na kingo za jani hupauka, zinageuka manjano, jani linakunjana, halafu kingo zinakuwa nyekundu au kahawia na kukauka kuelekea katikati, huku mshipa mkuu ukibaki na kijani hadi mwisho. Hutokea pande zote za mmea. Chini ya majani yaleyale kuna tunutu na maganda. Mdudu anapochoma mirija ya jani na kuitia mate yake, njia ya chakula huziba, na kingo ambazo ziko mwisho wa njia ndizo hufa kwanza. Hiyo si virusi. Jani jipya litakalotoka baada ya jasidi kuondoka litakuwa zima.

Ikiwa ni chumvi, kingo hukauka bila kupitia manjano ya muda mrefu, na hazikunjani sana. Hapa ndipo bahari inapoingia. Kwa mashamba ya Nyali, Bamburi, Shanzu na Likoni yaliyo wazi kwa upepo, msimu wa kusi hurusha chumvi juu ya majani, na upande unaotazama bahari ndio huungua. Zunguka mmea: ukiona upande mmoja umeungua na wa pili ni mzima, acha kumtafuta mdudu. Chumvi ya maji ya kisima nayo ina sura yake: huanza na majani ya chini, yaliyozeeka, na juu ya udongo hubaki utando mweupe maji yakikauka. Akina mama wanaofulia maji hayo wanajua ni kisima gani ambacho sabuni haitoki povu. Waulize kabla hujanunua dawa. Nasikitika kila nikiona mtu amenyunyizia sumu mboga ambayo ilihitaji tu maji ya mfereji au ua la kuzuia upepo.

Utitiri hauna kingo maalumu: jani zima hupata vidoa vidogo mno vya rangi iliyofifia, likawa na rangi ya shaba, na chini yake kuna utando mwembamba. Kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe. Vidoa vinavyotembea ni utitiri. Mishipa ya jani la mabenda ikiwa ya manjano wakati kingo ziko salama, au mishipa imenenepa na jani limejikunja, shuku virusi vinavyoletwa na nzi weupe.

Ukishathibitisha kuwa ni jasidi, jina lake ni nani? Mdogo wa kijani wa milimita 2.5 hadi 3, asiye na alama zinazoonekana haraka, juu ya mabenda, biringani, pamba au kunde katika Afrika Mashariki, huwa ni wa kundi la Empoasca na jamaa zake wa karibu: Jacobiasca lybica na Jacobiella facialis ndio majina yatakayorudi mara kwa mara. Kwa macho na lenzi huwezi kuwatenganisha hawa, na mtu anayekupa jina kamili kutokana na picha ya simu anakubahatishia. Sema "jasidi wa kijani wa kundi la Empoasca", uwe mkweli. Kwa mkulima inatosha, maana tabia na madhara yao yanalingana.

Kuna alama moja ambayo sitaki uipuuze. Kagua ncha ya kila bawa la mbele. Ukikuta kidoa kimoja cheusi kilicho wazi kwenye kila bawa, huenda ni Amrasca biguttula, jasidi wa mabenda na pamba wa Asia, ambaye miaka ya karibuni amevuka hadi Afrika Magharibi na Marekani. Mombasa ni bandari. Mizigo na mimea ya kila nchi hupita hapa, na mtu wa kwanza kumwona mgeni huwa mwenye bustani, si afisa. Mweke kwenye spiriti na umpeleke KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea.

"Mahindi yana milia"

Kabla ya kumtafuta mdudu, lisome jani lenyewe.

Ugonjwa wa milia ya mahindi huanza na vidoa vidogo vya mviringo, vyeupe, upande wa shina la jani changa kabisa. Majani yanayofuata hutoka na mistari myembamba iliyokatikakatika, inayofuata mishipa, imeenea jani zima kutoka ukingo hadi ukingo. Jambo la kuangalia kwa makini ni mpaka baina ya majani: yale yaliyokuwa yamefunguka kabla ya kuambukizwa hubaki mazima, na yote yaliyotoka baadaye yana milia. Simama mbele ya mhindi mmoja, hesabu majani kutoka chini, na utapata jani ambapo uzima unakoma. Hapo unaweza kujua ugonjwa uliingia mmea ukiwa na umri gani, na kama uliingia ukiwa mchanga usitegemee gunzi la maana.

Sasa, Mombasa ina mtego wake. Sehemu kubwa ya ardhi yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, yaleyale yaliyochimbwa Bamburi kutengeneza saruji, na udongo wake una chokaa nyingi. Katika udongo wa namna hiyo mahindi hushindwa kuvuta madini ya chuma na zinki hata kama yapo. Upungufu wa chuma huleta milia, lakini ni mistari mirefu isiyokatika, kutoka shina la jani hadi ncha, mishipa ikiwa kijani na katikati yake pamepauka. Upungufu wa zinki huleta ukanda mpana uliopauka kila upande wa mshipa mkuu, karibu na shina la jani, na kingo zinabaki kijani. Milia iliyokatikakatika ni ya virusi; isiyokatika ni ya udongo. Na udongo hugusa eneo zima pamoja, wakati virusi hupiga mmea mmoja hapa na mwingine kule, mara nyingi zaidi kando ya shamba lililopakana na nyasi.

Ukishaona milia ya kweli, mhusika ni jasidi wa jenasi (yaani kundi la spishi ndugu) iitwayo Cicadulina, na Cicadulina mbila ndiye anayetajwa zaidi. Ana urefu wa milimita 3 hivi, rangi ya manjano iliyopauka, na juu ya kichwa, mbele, baina ya macho, ana vidoa viwili vya mviringo vyeusi. Mabawa ni maangavu na yana mistari ya kahawia iliyofifia. Vidoa hivyo viwili ndiyo alama ya kukumbuka. Lakini usimtafute ndani ya mahindi tu. Nyumbani kwake hasa ni nyasi fupi: ukoka wa kando ya njia, malisho ya mbuzi, ukingo wa shamba. Huhamia kwenye mahindi nyasi zinapokauka, ndiyo maana mahindi yaliyopandwa kwa kuchelewa baada ya masika, na yale ya kumwagilia wakati wa kaskazi, huumia kuliko yaliyowahi mvua. Pitisha wavu kwenye nyasi za ukingo kabla hujapanda. Ukiwakuta wengi wenye vidoa viwili, unajua utakachopambana nacho.

Wala usishangae ukiwakuta kwa wingi na mahindi ni mazima. Si kila Cicadulina anaeneza virusi. Jambo hili liligunduliwa jirani na sisi, katika kituo cha utafiti cha Amani kwenye milima ya Usambara, Tanzania, ambako mtafiti H. H. Storey alionyesha miaka ya 1930 kwamba uwezo wa kueneza virusi vya milia hurithiwa: wapo jasidi wenye uwezo huo na wapo wasio nao ndani ya spishi moja. Kisha akawatoboa utumbo kwa sindano nyembamba wale wasioweza, nao wakaweza; kizuizi kilikuwa ukuta wa utumbo. Ninamheshimu sana mtu aliyeweza kumtoboa mdudu wa milimita tatu bila kumuua. Faida yake kwa mkulima ni kwamba kuhesabu jasidi peke yake hakukuambii ukubwa wa hatari. Hesabu pia mimea yenye milia.

Ugonjwa huu haupiti kwenye mbegu. Aliyekuambia mbegu ndiyo mbovu kwa sababu ya milia amekosea, ingawa kweli ziko mbegu zinazostahimili kuliko nyingine.

"Majani ya mwembe yana masizi meusi"

Masizi hayo ni ukungu unaoota juu ya maji matamu yaliyomwagwa na mdudu anayefyonza. Swali ni mdudu gani, na hapa picha za mitandaoni hupotosha watu wengi, kwa sababu nyingi zinatoka India ambako jasidi wa mwembe, Idioscopus clypealis, Idioscopus nitidulus na Amritodus atkinsoni, ni maadui wakubwa wa maua ya mwembe.

Pwani yetu tazama kwanza kidung'ata. Rastrococcus iceryoides yuko huku, ana unga mweupe wa nta, hatembei sana na haruki kamwe. Angalia chini ya majani na kwenye vikonyo vya maua. Ukikuta majimoto wanapanda na kushuka kwa foleni, wafuate. Watakufikisha kwa yule anayewapa utamu.

Jasidi wa mwembe anajulikana kwa umbo: kifupi, kipana, kichwa kipana kuliko mwili na macho yako pembeni kabisa, rangi ya kahawia-kijivu yenye madoa, milimita 3 hadi 5. Wakati wa maua hukaa kwenye maua, na ukitikisa shada huruka kwa pamoja na kusikika wakigonga majani. Maua yakiisha hujificha kwenye nyufa za gome la shina, kwa hivyo mwembe wa boribo au ngowe usio na maua ukaguliwe kwenye gome. Ukiwa huna mrukaji kwenye maua na huna mtu kwenye gome, jasidi si mshtakiwa wako.

"Usiku taa ya baraza imejaa vidudu vya kijani na vyeupe"

Hao karibu wote wametoka kwenye nyasi, na taa imewavuta kutoka mbali. Kwa hivyo mahali ulipomshika hakukuambii alikokuwa akiishi. Kesho yake mchana nenda kwenye nyasi na mitaro iliyo karibu, umtafute huko.

Mweupe mkubwa, milimita 8 au 9, mwenye vidoa vyeusi kichwani na uso uliofura, ni wa jenasi Cofana. Cofana spectra hupatikana Afrika na Asia, kwenye mpunga na majani ya penye maji. Uso umefura kwa sababu ndani yake mna misuli ya kuvuta maji ya mmea kutoka kwenye mirija inayopandisha maji toka mizizini; maji hayo hayana lishe kubwa, basi hulazimika kuvuta mengi na kutoa mengi. Mwenye rangi ya kijani ya kukoza, milimita 4 au 5, na ncha za mabawa nyeusi kwa dume, ni Nephotettix. Wa Afrika ni N. afer na N. modulatus. Wakaao karibu na mashamba ya mpunga ya Kwale au Tana watawaona zaidi kuliko wa Tudor, ila hata kinamasi kidogo nyuma ya nyumba chaweza kuwalea. Vidogo vyembamba vya rangi ya nyasi kavu, visivyo na alama, mara nyingi ni Balclutha.

Wakitua mkononi huweza kukuchoma kidogo wakijaribu kama wewe ni mmea. Haina madhara.

"Nepia ya ng'ombe imedumaa na kuwa ya manjano"

Kama inachipua tena vibaya kila baada ya kukatwa, ikiwa na vishina vingi vifupi, kuna ugonjwa wa kudumaa unaotokana na fitoplazima, vijidudu jamaa ya bakteria vinavyoishi ndani ya mirija ya mmea, na jasidi Recilia banda alithibitishwa nchini Kenya mwaka 2009 kuwa anaueneza. Lakini ugonjwa huo husafiri haraka zaidi kwa vipande vya kupandia kuliko kwa mabawa. Uliza vipande vyako vilitoka wapi. Kama vilitoka magharibi mwa Kenya, ambako ugonjwa umeumiza wafugaji sana, una jibu la kuanzia.

"Majani yametoboka"

Si jasidi. Mdomo wake ni sindano, hauna meno. Tafuta kiwavi, panzi, konokono au mbawakawa.

"Anafanana na picha, lakini rangi au umbo halikubali"

Mweupe mzima, laini, macho tu yana rangi: ametoka kujivua gamba. Mweke hai kwenye kichupa chenye kipande cha jani, umtazame tena baada ya saa kadhaa.

Ana kifuko cheusi au cha kahawia kimetokeza ubavuni mwa tumbo: hiyo si alama ya spishi. Ni mtoto wa nyigu wa jamii ya Dryinidae, anayemla jasidi akiwa hai. Nyigu mama humkamata jasidi, humchoma, humtagia yai, kisha humwachia aende zake. Ukiona vifuko hivyo kwenye jasidi wengi, tafadhali usinyunyizie dawa. Una msaidizi shambani ambaye hukumlipa, naye hufa kwa dawa ileile.

Alikuwa kijani sasa ni wa manjano: amekaa kwenye spiriti. Ndiyo maana picha hupigwa kwanza.

Ana ukungu: amehifadhiwa mkavu Mombasa. Hewa yetu ya unyevu haimstahi mdudu mkavu hata wiki. Tumia spiriti ya asilimia 70, au kopo linalofungika barabara lenye vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja na viatu vipya.

"Nimefika kwenye jenasi, jina la pili limekataa"

Hapo umefika mwisho wa kazi ya lenzi. Spishi nyingi za jasidi, Cicadulina na kundi la Empoasca wakiwamo, hutenganishwa kwa viungo vya uzazi vya dume. Mtaalamu hukata ncha ya tumbo, huilowesha kwenye potasiamu hidroksaidi hadi nyama iyeyuke, kisha hutazama kilichobaki chini ya darubini. Jike, mara nyingi, huishia kwenye jenasi hata mikononi mwa bingwa. Kwa sababu hiyo usipeleke mmoja. Kusanya kumi au zaidi kutoka mmea uleule siku ileile, ili madume wawemo.

Wa kupelekewa wako. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, ina kituo Mtwapa, KEPHIS wana ofisi Mombasa, na Nairobi kuna mkusanyiko wa wadudu wa Makumbusho ya Kitaifa pamoja na wataalamu wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, Kasarani. Ukishuku mgeni aliyeingia na mimea ya nje, KEPHIS kwanza.

Ndani ya kichupa, pamoja na wadudu, tia karatasi ndogo iliyoandikwa kwa penseli. Wino huyeyuka kwenye spiriti. Usiandike "jasidi, Mombasa". Andika namna hii: Mwakirunge, Kaunti ya Mombasa, mahindi machanga ya kumwagilia, ukingo wa kaskazini uliopakana na ukoka, chini ya majani, milia kwenye mimea michache, kisha tarehe, na jina la aliyekusanya.